UZI: Istanbul nyuma ya Laleli, mitaa ya Haliç na ng'ambo ya pili kwa miguu na kwa vapur

#1 KangaMbili

Wakuu salaam. Kule jukwaa la biashara nimejibu maswali ya mzigo mpaka vidole vimechoka, kilo ya kago sijui shilingi ngapi, mashati ya jumla wapi, sasa leo nimekuja huku kwenye safari niongee kingine kabisa. Kila ninayekutana naye anayefuata bidhaa Istanbul nikimuuliza mji ameuonaje ananitajia Laleli, Aksaray, Merter, yaani mitaa ya maduka ya jumla, na picha moja aliyopiga nje ya Msikiti wa Buluu, basi. Mtu anaenda mwaka wa ngapi sijui, hoteli ile ile juu ya maduka, asubuhi anashuka na lifti ananunua, jioni anapanda na lifti analala, akirudi Kariakoo anakwambia kule hamna kitu zaidi ya nguo na baridi.

Jamani nyuma ya Laleli kuna mji mwingine, na huhitaji taksi wala mtu wa kukutembeza. Jumapili maduka mengi ya jumla yanafungwa, wengi wetu siku hiyo tunalala au tunaenda kushangaa mall vitu ambavyo jana tumevinunua kwa dazeni. Mimi Jumapili yangu naitumia hivi, mwenye miguu anifuate.

Saa mbili asubuhi natoka Laleli nakata juu kuelekea Msikiti wa Şehzade, ule Sultan Suleiman aliujenga kumkumbuka mwanae, Sinan, msanifu wake mkuu, ndiye aliyeuchora ukaisha 1548. Nyuma yake ni mtaa wa Vefa, mtulivu sana, paka wengi kuliko watu. Hapo kuna duka la boza la tangu 1876, boza ni kinywaji kizito cha nafaka kilichochachuka kidogo, wanakunyunyizia mdalasini na dengu za kukaanga juu, Mtanzania ukionja utasema hii togwa imeenda shule. Kwa kawaida ni kinywaji cha msimu wa baridi.

Toka hapo utaona matao makubwa ya mawe yamekatiza juu ya barabara kuu, magari yanapita chini yake kama hayaoni kitu. Ule ni mfereji wa maji wa Kirumi wa mfalme Valens, ulimalizika karne ya nne, na umebaki karibu kilomita nzima umesimama. Chini ya matao kuna Kadınlar Pazarı, soko la watu waliohamia kutoka mashariki ya Uturuki, wengi wa Siirt, asali na masega yake, jibini imefungwa kwenye ngozi ya mbuzi, na nyama ya kondoo iliyoning'inizwa ndani ya shimo la moto mpaka ikalainika inaitwa büryan. Hiyo nyama inaliwa asubuhi wakuu, mchana unakuta imeisha. Mimi hapo ndio nafungulia kinywa halafu nakwenda Zeyrek nimeshiba.

Zeyrek ndio mtaa ninaoupenda kuliko yote nasema wazi. Nyumba za mbao za zamani za Waosmani, wale Waturuki wa enzi za masultani, nyingine zimekarabatiwa vizuri nyingine zimeegemea jirani kama mlevi, na juu kabisa kuna msikiti ambao mwanzo ulikuwa monasteri ya Pantokrator ya karne ya 12, makanisa matatu yameungana ubavu kwa ubavu, enzi hizo ilikuwa na hospitali yake. Ukisimama kwenye kibaraza pembeni yake unauona msikiti wa Süleymaniye wote na maji ya Haliç chini, ule mkono wa bahari unaoingia katikati ya mji. Na huoni basi la watalii hata moja. Kwa nini watu wanapanga foleni saa nzima kule Sultanahmet wakati hiki kipo mwendo wa nusu saa sijawahi kuelewa.

Kutoka hapo ni kushuka tu mpaka Cibali ufukweni mwa Haliç, halafu unaufuata ukingo mpaka Fener na Balat. Fener kuna makao ya Patriaki wa Kiorthodoksi, yapo hapo tangu kama mwaka 1600, kutoka nje ni geti la kawaida kabisa, unaingilia pembeni kwa sababu lango la kati halifunguliwi tangu 1821, Patriaki Gregori wa Tano alinyongwa palepale langoni wakati Wagiriki walipoasi. Juu mlimani kuna jengo la matofali mekundu kama ngome, watu wanalipiga picha wakidhani ndio Patriaki anaishi humo, ile ni shule ya Wagiriki, jengo la miaka ya 1880, siku hizi wanafunzi wachache sana. Na chini karibu na maji kuna kanisa la Wabulgaria la chuma. Namaanisha chuma kweli, kuta nguzo mapambo yote, vipande vilitengenezwa Vienna vikashushwa kwa meli mto Danube na Bahari Nyeusi vikaja kufungwa hapo, likafunguliwa 1898. Gonga ukuta kwa kidole utasikia mlio wa kontena.

Miguu ikichoka unapanda vapur, yaani pantoni yao, ila usiilinganishe na ya Kigamboni, hii ni meli hasa ina mabenchi ya nje na mtu wa chai anapita na sinia. Unagusa kadi ya Istanbulkart getini kama kwenye basi, umeingia. Ile boti ya Haliç inakwenda zigizaga ukingo huu na ule, Karaköy, Kasımpaşa, Fener, Balat, Hasköy, mpaka Eyüp. Wale jamaa wa pale Eminönü wanaokuvuta mkono bosforas bosforas, yaani ule mlango wa bahari kati ya Ulaya na Asia, waache kabisa, wanakuzungusha na maikrofoni huelewi kitu unarudi pale pale ulipopandia, na hela wamekula.

Nitaendelea na ng'ambo ya Asia nikipata muda. Maswali ruksa.


#2 NdioHivyoTu

Yaani dada umeenda Uturuki kufuata mzigo umeishia kugonga kuta za makanisa kwa kidole 😂 wateja wako wanajua?


#3 Dogo_wa_Chuo

Dada Kanga heshima yako, mimi nasoma hapa, uzi uko vizuri ila kwenye Balat nakupinga kidogo. Balat ya Jumapili mchana si mtaa tena ni studio ya picha. Zile nyumba za rangi watu wanapanga mstari ngazini kupiga picha wakati bibi wa watu anataka kutoka na kapu lake la sokoni anashindwa, kuna nyumba zimebandika karatasi za kuomba watu wasikae kwenye ngazi. Kodi nayo imepanda, waliokuwa wanakaa pale ni watu wa hali ya chini wengi walihamia kutoka mikoani, sasa kila mlango wa pili ni kahawa ya bei mbaya. Ule mtaa ulikuwa wa Wayahudi kwa karne nyingi, sinagogi la Ahrida bado lipo ila hauingii hivi hivi lazima uombe ruhusa kabla, na mtu anapita mbele ya geti lake mara kumi akitafuta ukuta wa pinki.

Ushauri wangu, ukifika Balat usigande kwenye ile mitaa miwili mitatu ya picha, panda juu mpaka ukutane na ukuta wa zamani wa mji, ule wa mfalme Theodosius wa karne ya tano, ufuate kushuka Ayvansaray. Pale watu wanaishi kawaida. Ukuta umebomoka sehemu, kuna bustani za mboga za majani chini yake, matuta ya letusi na vitunguu, ukuta uliozuia majeshi miaka elfu moja leo unakinga mboga upepo.

Au vuka kabisa uende upande wa pili, Hasköy na Kasımpaşa, hakuna anayekwenda huko. Kasımpaşa ndiko zilikokuwa karakana za meli za Waosmani, baadhi zipo mpaka leo. Na huko ndiko zile meli za 1453 ziliposhukia. Mnaijua hii? Wabizanti, wenye mji wakati huo, walifunga mnyororo mdomoni mwa Haliç meli za Sultan Mehmed zisipite, yeye akaamuru zipandishwe nchi kavu zikaburuzwa juu ya magogo kupita mlimani usiku zikashushwa majini nyuma ya mnyororo. Mimi ule mlima naupanda na begi la vitabu tu nahema, sasa wewe fikiria meli.


#4 Kombo_wa_Wete

Assalaam alaykum. Mie ninachotaka kujua ni hio Eyüp mulioitaja kijuujuu. Hapo si ndipo alipozikwa swahaba Abu Ayyub Al-Ansari? Nataka nambiwe vizuri namna ya kwenda, maana mwakani tunapita huko mie na mama yangu, inshallah.


#5 KangaMbili

@Kombo wa alaykum salaam kaka yangu. Ndiye huyo huyo, Abu Ayyub radhi za Allah ziwe juu yake, aliyempokea Mtume (SAW) nyumbani kwake alipofika Madina. Alikuja na jeshi la Waislamu wa mwanzo kuuzingira mji huu akiwa mzee sana akafia nje ya kuta, hiyo ni miaka ya 670. Waosmani walipoingia 1453 wakasema kaburi limeonekana, wakamjengea msikiti 1458, huu unaouona sasa ulijengwa upya 1800. Masultani wapya walikuwa wanakwenda pale kuvishwa upanga.

Kwa mama yako vapur ndio nzuri kuliko zote, hakuna ngazi nyingi, anakaa anakunywa chai anatazama mji, mnapandia Karaköy au hata Üsküdar mnateremka Eyüp ya mwisho, toka gati mpaka msikitini ni mwendo mfupi tambarare. Boti haiji kila dakika kumi kwa hiyo tazama ratiba bango la gatini kabla, na jioni usiitegemee, ikikupita kuna tramu ya T5 inapita ukingoni ule ule wa Haliç inakurudisha. Ijumaa panajaa sana. Mimi napenda asubuhi ya siku ya kawaida, utakuta familia zimeleta watoto wanaokwenda kutahiriwa, wamevalishwa joho jeupe na kofia za manyoya kama wafalme wadogo, wanaombewa dua kwanza. Mtoto anatabasamu hajui kinachomsubiri maskini.

Na ukitoka ziarani usipande kile kigari cha waya kwenda juu kilimani kwa kupanga foleni, labda mama tu. Wewe panda kwa miguu katikati ya makaburi. Mawe ya zamani yamechongwa vilemba juu, kila kilemba na cheo cha mwenyewe, ya wanawake yana maua. Juu kuna mgahawa wa chai unaona Haliç yote imejipinda mpaka mwisho.

Kitu kimoja wadada, tembea na kanga kwenye mkoba. Misikiti mikubwa wanaazimisha mitandio ila hii midogo ya mitaani hakuna wa kukupa.


#6 Mvita001

Weye Kanga umenikumbusha mbali. Sisi watu wa Mombasa na hawa Waturuki twajuana kitambo. Miaka ya 1580 alikuja huku nahodha wao Mir Ali Bey, mara mbili, wenyeji wakampokea kwa mikono miwili maana Mreno alikuwa ashawachosha. Mara ya pili Mreno akatoka Goa na meli, huku bara nako wapiganaji wa Kizimba wamefika wasubiri kuvuka, jamaa akabanwa kati, akakamatwa 1589 akapelekwa Lisbon. Mreno kuona hivo akasema mji huu siuachi wazi tena, 1593 akaanza kujenga Fort Jesus. Kwa hivo ile ngome mwaiona pale Mji wa Kale ina mkono wa Mturuki ndani yake. Nilipokwenda Istanbul nilikwenda Makumbusho ya Majeshi ya Maji pale Beşiktaş, iko karibu kabisa na gati ya vapur, nikaziona zile mashua za masultani za makasia, ndefu hizo! Na ile kongwe yao, kila kasia lavutwa na watu watatu. Mwenye kupenda vyombo vya bahari asikose.


#7 Dogo_wa_Chuo

@Mvita001 shukrani mzee wangu, ila kuongezea tu, Mir Ali Bey hakutokea Istanbul moja kwa moja, alitokea bahari ya Sham, bandari ya Mocha kule Yemen ambayo ilikuwa chini yao. Istanbul wenyewe sijui hata kama walimtuma rasmi au alijituma, ukisoma habari zake mara ya kwanza alikuja na meli chache mno anawaahidi watu wa pwani kwamba jeshi kubwa linakuja nyuma.


#8 Mvita001

Ndio zao hizo ahadi 😄 lakini Mocha au Istanbul bendera si ni moja.


#9 Msee_wa_Transit

Wasee mimi niko na masaa kama kumi Istanbul nikienda Ujerumani mwezi ujao, naeza toka niende hizi mitaa ama nitalala tu kwa airport? Na si mniambie kama Mkenya nahitaji viza ya kutoka nje juu kila mtu ananiambia kitu tofauti.


#10 Dogo_wa_Chuo

@Msee viza angalia tovuti rasmi ya viza ya Uturuki kwa paspoti yako, usimsikilize mtu wa jukwaani mimi nikiwemo. Ukishatoka, uwanja uko mbali sana na mji, metro ya M11 inakuleta mpaka Gayrettepe halafu unabadilisha. Masaa kumi ukitoa foleni za paspoti, kwenda na kurudi unabakiwa na kama manne ya kutembea. Kwa manne mimi nisingejaribu Haliç yote. Nenda Beşiktaş au Karaköy panda vapur ya kwenda Kadıköy, kama dakika ishirini juu ya maji, kaa nje upande wa kulia, unaona jumba la masultani la Topkapı, Ayasofya na Msikiti wa Buluu vyote kwa mkupuo vinaachwa nyuma, hiyo picha wengine wanailipia helikopta. Kula samaki sokoni Kadıköy, tembea mpaka Moda uone bahari, rudi. Na nunua simit mbili, ile mikate ya duara yenye ufuta, moja yako moja ya shakwe, wanaidaka hewani.


#11 MstaafuReli

Vijana nimekuwa nasoma kimya. Mmeitaja Kadıköy bila kutaja stesheni ya Haydarpaşa mimi siwezi kuvumilia. Kabla vapur haijafunga gati Kadıköy utaiona kushoto, jengo kubwa la Kijerumani limekaa ukingoni mwa maji kabisa, abiria alikuwa anashuka kwenye treni anateremka ngazi anapanda meli. Ilijengwa kati ya 1906 na 1908 juu ya nguzo za mbao zaidi ya elfu moja zilizopigwa chini ya maji, maana pale palikuwa bahari wakajaza. Ndio ilikuwa kichwa cha reli ya kwenda Baghdad.

Sasa sikilizeni. Mkandarasi aliyeijenga anaitwa Philipp Holzmann wa Frankfurt. Ni kampuni hiyohiyo, miaka ileile, iliyokuwa inatandika reli ya kati kwetu, walianza Dar 1905 wakafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Kwa hiyo wakati babu zetu wanabeba mataruma pale Pugu, na huko Istanbul wanapiga nguzo baharini, bosi mmoja. Halafu miaka mia na kitu baadaye ni Waturuki ndio wamekuja kutujengea SGR ya Dar Morogoro, abiria wameanza kupanda 2024. Mimi nilipoliona lile jengo nikasema dunia hii inazunguka kwenye reli zilezile.

Treni zilisimama pale 2013 kwa ajili ya matengenezo, wakachimba wakakuta mji wa kale chini ya mataruma wenyewe. Kadıköy kabla ya kuwa Kadıköy ilikuwa Chalcedon, wakristo watakumbuka mtaguso wa mwaka 451.


#12 NdioHivyoTu

Mzee Mstaafu hapa umeua 🙌 hii ya Holzmann sikuwahi kuisikia


#13 KangaMbili

Mzee wangu shikamoo. Mimi kila nikipita naona jengo zuri tu, kumbe ni ndugu wa stesheni ya Dar.

Hiyo habari ya kuchimba na kukuta vitu ni ugonjwa wa mji ule. Yenikapı, hapo hapo chini ya Laleli ukishuka kuelekea baharini, walipokuwa wanachimba stesheni ya ile treni inayopita chini ya Bosforasi walikuta bandari nzima ya Wabizanti imefukiwa na meli 37 ndani yake, mradi ukachelewa miaka wakaja kufungua 2013. Sisi tunaburuza mabegi ya nailoni juu yake.


#14 MamaWawili

Naomba kuuliza, mimi nitakuwa na watoto, mmoja wa miaka sita mmoja bado wa kigari cha kusukuma. Hiyo Zeyrek na Fener mnavyoielezea milima milima naona kama nitajuta. Kuna upande tambarare?


#15 Dogo_wa_Chuo

@MamaWawili Fener na kigari sahau kabisa, mawe barabarani yanaruka ruka na vichochoro vingine ni ngazi mwanzo mwisho. Wewe nenda Üsküdar upande wa Asia. Vapur inakushusha mbele ya msikiti wa Mihrimah Sultan wa 1548, ukigeuka kulia ukafuata maji kuna kimsikiti kidogo cha Şemsi Paşa, kazi ya Sinan hiyo hiyo ila ya uzeeni, kiko ukingoni mpaka mawimbi yanarushia maji ukutani, wenyeji wanasema ndege hawatui juu yake kwa ajili ya upepo, mimi nimewaona wametua. Endelea mbele mpaka unaitazama Kız Kulesi, ule mnara katikati ya maji, hapo watu wanakaa kwenye ngazi za ufukweni wanakunywa chai, watoto wanakimbia.

Ukigeuka kushoto badala ya kulia unafika Kuzguncuk, nusu saa hivi kwa mwendo wa mtoto, njia ni tambarare ila ni kando ya barabara ya magari kwa hiyo mshike mkono, au basi chap chap. Hicho kimtaa kina barabara moja kuu yenye miti, bucha, duka la mikate, wazee wanacheza karata, na mbele karibu na maji msikiti na kanisa la Waarmenia vimegusana kabisa ukuta kwa ukuta, sinagogi na kanisa la Wagiriki hatua chache. Watu wanapenda kusema ona walivyoishi kwa amani, ni kweli kwa sehemu ila mkumbuke ule msikiti ni wa 1952, na kufikia hapo Wayahudi, Waarmenia na Wagiriki wengi wa mtaa walikuwa wanaondoka au wako mbioni kuondoka, nyumba zimebaki wenyewe hawapo. Mimi napenda zaidi bustani yao ya mtaa, bostan, kiwanja kikubwa katikati ya nyumba ambacho kila mara mtu alitaka kukijengea na wakazi wakagoma mpaka kikabaki, sasa watu wana vijisehemu vyao vya nyanya na maharage. Watoto watafurahi pale kuliko jumba lolote la sultani.


#16 Binti_Ilala

Jamani swali la ukweli, sisi weusi huko mitaani tunatazamwaje? Laleli wamezoea. Huko Fatih na Eyüp je? Na polisi?


#17 KangaMbili

@Binti nakwambia ukweli wangu. Watakutazama, hasa wazee na watoto, wengi ni udadisi tu, ukisalimia selamün aleyküm au merhaba uso unabadilika wanakuletea na chai. Nyuma ya Fatih kuna mtaa wa Çarşamba watu wameshika dini sana, wanawake mabaibui meusi wanaume majoho na vilemba, pale vaa kwa heshima na usitoe simu kupiga watu picha. Wengine watakuuliza bei wakidhani unauza saa, maana Waafrika wengi waliowaona wanauza saa, usikasirike we cheka upite. Matusi sijakutana nayo mengi lakini siwezi kukwambia hayapo.

Polisi ni kweli, kwetu sisi Aksaray na Kumkapı ndiko wanasimamisha watu kuliko huko kwingine. Paspoti halisi kwenye mkoba muda wote, kopi wanaweza kuikataa. Kuna rafiki yangu aliacha yake hotelini akakaa kituoni mpaka mtu alipomletea jioni, Jumapili nzima ikaishia kwenye benchi.

Na Kumkapı yenyewe msiiogope mchana. Wenzetu wa Afrika magharibi na pembe ya Afrika wako wengi, kuna vijiduka vya mihogo na samaki wakavu, saluni za kusuka, na mtaa wa pili yake Patriaki wa Waarmenia ana makao yake. Usiku sitembei peke yangu.


#18 Kombo_wa_Wete

Na bahari ikichafuka? Mama yangu boti ya Unguja Pemba tu inamlaza chini.


#19 Dogo_wa_Chuo

Haliç maji yametulia muda wote mzee, hakuna mawimbi kabisa mle ndani. Shida ni huku nje kwenye Bosforasi na njia ya kwenda visiwa vya Adalar, baridi zikianza unakuja upepo wa kusini wanauita lodos, ukivuma vizuri vapur zinafutwa siku nzima, na ukungu nao vilevile, unafika gatini unakuta geti limefungwa. Basi hapo watu wote wanashuka chini kwenye treni ya Marmaray, ile inayopita chini ya Bosforasi. Na lodos watu wanaisingizia kila kitu, kichwa kikiuma lodos, mke na mume wakigombana lodos.


#20 Mvita001

Kumbe nao wana kusi yao! Huku kusi likivuma hata samaki bei yapanda.


#21 NdioHivyoTu

Turudi kwenye mambo ya msingi. Dada umesema boza inachachuka. Inachachuka ya kuchachuka au inachachuka ile yenyewe? 😏


#22 KangaMbili

Ina kilevi kidogo sana cha kuchachuka, asilimia moja au pungufu, huko wanakunywa watoto na mashehe wanakunywa. Kila mtu na uamuzi wake. Ukiinywa kuwa na kijiko, ni nzito.


#23 Kombo_wa_Wete

Mie nitakunywa chai.